Mmea wa Wifi na Mbwa wa Babu

Jumamosi ilikuwa siku ya vichwa. Msusi alifungua mlango wa chumba cha mbele saa moja asubuhi, na kabla hajamaliza kufagia, wateja wawili walikuwa wamekwisha kaa kwenye benchi. Chumba hicho ndicho kilichokuwa saluni yake. Kilikuwa na kioo kimoja kikubwa, viti viwili, beseni la kuoshea nywele, na kapu la vitana. Nyuma ya pazia ndiko familia ilikoishi: Msusi, mume wake, na Babu, ambaye ni baba wa mume wake. Mume alikuwa dereva wa lori. Siku alizokuwa njiani zilikuwa nyingi kuliko alizokuwa nyumbani.

Babu alikuwa hasikii vizuri. Mwenyewe alisema kwamba sikio lake la kushoto limelala na la kulia linasinzia. Lakini Babu alikuwa na mbwa, na mbwa huyo ndiye aliyemsaidia kusikia. Jina lake Bawabu. Mtu akibisha hodi, Bawabu alimwendea Babu akavuta suruali yake. Maji yakichemka jikoni, alivuta suruali. Gari likija nyuma yao barabarani, alimsukuma Babu pembeni kwa kichwa. Suruali zote za Babu zilikuwa na matundu juu ya kisigino. Hakuna aliyejisumbua kuzishona, kwa kuwa ingekuwa kazi bure.

Msusi alimpenda sana Bawabu. Tena mtu wa nywele ni mtu wa nywele tu, hawezi kuona nywele kavu akanyamaza. Kila Jumamosi, dawa ya nywele ikibaki, alimwita Bawabu akampaka mgongoni mpaka mkiani.

"Kila mwenye nywele ni mteja wangu," alisema. "Huyu tofauti yake ni kwamba halipi."

Dawa hiyo aliitengeneza mwenyewe. Alikata majani manene ya mshubiri, ule ambao wateja wengine huuita alovera, uliokuwa kwenye chungu karibu na dirisha. Zamani alipasua jani, akakwangua ute wake mweupe kwa kijiko, akatupa ganda. Mwezi huo alinunua mashine ya kusagia. Kijiko kikastaafu. Sasa alitupia jani zima ndani ya mashine, ganda na vyote, akatia asali kidogo na mafuta, akabonyeza. Dakika moja, kazi imekwisha.

Wiki hiyohiyo ya mashine, wifi yake alikuja kuwatembelea. Wifi alifanya kazi posta, na sauti yake ilizoea kufika mlangoni kabla yake. Alibeba chungu kidogo. Ndani yake mlikuwa na mmea mfupi wenye majani magumu yaliyochongoka, ya kijani iliyokoza, yenye michirizi myeupe.

"Nimekuletea zawadi," alisema. "Aliyenipa anauita pundamilia. Hautaki maji mengi, hautaki jua kali, wala hautaki kubembelezwa."

"Na ncha zote hizi ni za nini?"

"Za kufanana na wewe, wifi yangu. Nilipouona tu nikakukumbuka."

Walicheka wote. Mawifi hao walipendana kwa kuchokozana, na siku wasipochokozana Babu aliuliza nani mgonjwa. Mmea ukawekwa kwenye rafu ya chini, karibu na kiti cha Babu.

Jumapili asubuhi Msusi alinusa kitu kinachoungua. Alikimbilia jikoni. Birika lilikuwa limekauka maji, na kitako chake kimekuwa chekundu. Babu alikuwa ameketi hatua nne tu kutoka hapo, anakata kucha zake kwa utulivu.

"Baba! Bawabu hakukuita?"

"Eh?"

"Bawabu yuko wapi?"

Bawabu alikuwa nyuma ya mlango. Alikuwa ametapika mara mbili, na ameharisha. Alipoitwa aliinua macho tu. Mkia wake haukucheza.

Msusi alisafisha sakafu huku akitazama kila kona. Ndipo alipouona ule mmea wa wifi. Jani moja lilikuwa limekatika ncha, na alama za meno zilionekana wazi. Basi, kesi ikaisha hapohapo. Shahidi alikuwa yeye, hakimu alikuwa yeye.

Wifi alipokuja jioni, alikuta chungu chake kimewekwa nje ya mlango.

"Chukua mmea wako wa sumu," Msusi alisema. "Umemlisha sumu mbwa wa Babu."

"Sumu? Nani kasema?"

"Hata mtoto mdogo ataona. Tazama hizo ncha."

"Umemuuliza mtu yeyote, wifi?"

"Nimuulize nani wakati nina macho?"

Wifi aliinua chungu chake, akaondoka bila mzaha hata mmoja. Wiki ile hakuja. Na iliyofuata hakuja. Babu alikaa kwenye kiti chake, akitazama mlangoni. Binti yake hakuonekana na mbwa wake alikuwa hana nguvu. Hakulalamika, lakini chakula chake kilikuwa kinabaki.

Bawabu alipata nafuu siku ya Jumatano. "Si nilisema!" Msusi aliwaambia wateja wake. "Mmea umeondoka, na ugonjwa umeondoka." Lakini nywele za mbwa zilikuwa zimefifia kwa sababu ya ule ugonjwa, na jambo hilo lilimkera. Jumamosi ilipofika akampaka dawa mara mbili ya kawaida. Jumapili Bawabu akatapika tena.

"Ni mabaki ya ile sumu," alisema Msusi. Mtu akishaamua kosa ni la nani, hakosi maelezo.

Jumamosi ya tatu alikuwa anamsuka dereva wa bajaji, mwanamke mnene mcheshi aliyejua habari za mtaa mzima. Asubuhi Bawabu alikuwa amepakwa dawa. Kabla saa sita haijafika, alijikokota mpaka katikati ya saluni, akatapika, akaanguka ubavu. Babu alisimama kwenye pazia. Alipiga magoti polepole, akaweka mkono juu ya tumbo la mbwa.

"Anapumua," alisema. Kisha akamtazama Msusi. "Mwanangu, huyu akifa mimi nitakuwa nimefungiwa ndani ya chupa."

Kitana kilimdondoka Msusi.

Dereva wa bajaji aliinuka kitini. Upande wa kulia wa kichwa chake ulikuwa umesukwa vizuri, na upande wa kushoto umesimama wote.

"Mbebeni, twende kwa daktari wa mifugo," alisema.

"Na kichwa chako, dada?"

"Nusu kichwa si aibu. Watakaonitazama upande wa kulia wataniona nimependeza. Twendeni!"

Kabla hawajatoka, dereva alisema, "Mpe maziwa kwanza. Maziwa yanakata sumu." Msusi alitafuta maziwa, hakupata. Baadaye alishukuru kwamba hayakuwapo.

Daktari wa mifugo alikuwa mwanamke mfupi aliyevaa viatu vya mpira. Alimweka Bawabu juu ya meza, akamtazama fizi, akamsikiliza moyo, akambinya tumbo taratibu. Alimtazama pia dereva wa bajaji, upande wa kulia, kisha wa kushoto, lakini hakuuliza kitu.

"Amekula nini?" alisema.

"Ni mmea, daktari," Msusi alijibu haraka. "Wifi yangu aliuleta. Nina picha yake, niliipiga nimwonyeshe mteja mmoja." Akatoa simu.

Daktari aliitazama picha, akatabasamu.

"Huu? Huu hauna sumu kwa mbwa. Kitaalamu unaitwa hawothia. Mbwa akila mwingi anaweza kuumwa tumbo kidogo, kama akila mmea wowote. Na ncha zake zinaweza kumchoma. Lakini haumfanyi mbwa awe hivi. Mmea wenyewe uko wapi sasa?"

"Niliurudisha kwa mwenyewe. Una wiki mbili hauko kwetu."

"Wiki mbili? Na mbwa bado anaumwa?"

Swali hilo Msusi alipaswa kujiuliza mwenyewe zamani.

"Huwa anaumwa siku gani?" daktari aliendelea.

"Siku yoyote tu, daktari. Ugonjwa hauna ratiba."

Babu alikuwa anatazama midomo yao. Akauliza wanasema nini. Dereva wa bajaji alisogea kwenye sikio la kulia akalirudia swali kwa sauti ya barabarani.

"Ah! Huanza Jumamosi jioni," Babu alijibu. "Jumapili hulala. Jumatano huamka. Nimemtazama wiki tatu."

"Mbona hukuniambia, baba?" Msusi aliuliza.

"Ulikuwa unajua kila kitu, mwanangu. Nami sikuulizwa."

Daktari aliinama karibu na mgongo wa Bawabu. Akanusa. Akanusa tena.

"Mbona mbwa huyu ananukia asali?"

Msusi alieleza yote, kwa sauti iliyokuwa inashuka kila neno: mashine ya kusagia, majani mazima ya mshubiri, asali, mafuta, mgongo, mkia.

"Mshubiri ndio uliomdhuru," alisema daktari.

"Lakini daktari, mshubiri ni mchungu! Watu husema chungu kama shubiri. Mbwa gani atakula kitu kichungu hivyo?"

"Hali kwa kupenda. Anajisafisha. Mbwa ukimpaka kitu, hujilamba mpaka kiishe. Nawe umemrahisishia kazi kwa asali."

Dereva wa bajaji alijizuia kucheka, akashindwa. Hata Msusi alicheka kidogo, lakini machozi yalikuwa yanamtoka.

"Nimempa sumu kwa mikono yangu mwenyewe," alisema. "Halafu nikamlaumu mtu mwingine."

"Hajafa, mama. Umemleta, na hilo ni jema. Sikiliza." Daktari aliongea taratibu, huku akijaza maji ya uvuguvugu kwenye karai. "Chini ya ganda la mshubiri mna utomvu wa rangi ya manjano. Huo ndio mbaya zaidi kwa mbwa. Humtapisha, humharisha, humwondolea hamu ya kula na kumlegeza. Zamani ulikuwa unakwangua ute peke yake, kwa hiyo alipata madhara kidogo au hakupata kabisa. Ulipoanza kusaga jani zima, ukasaga na ule utomvu."

"Kumbe! Na mmea wenyewe tunautumia kwenye vichwa vya watu?"

"Mtu halambi kichwa chake. Dawa ya mtu si lazima iwe dawa ya mbwa. Usimpake wala usimlishe chochote kabla hujauliza."

"Na maziwa?" aliuliza dereva wa bajaji. "Mimi nilitaka apewe maziwa."

"Maziwa hayaondoi sumu. Mafuta pia hayaondoi. Na msimlazimishe kutapika kwa chumvi wala kwa vidole, mnaweza kumuumiza zaidi. Mkimkuta ametafuna mmea, ondoeni mabaki mdomoni, kama hawezi kuwauma. Kama amepakwa, aoshwe. Kisha mpigieni daktari mara moja au mleteni, pamoja na jani au picha ya mmea. Picha ile imeniokolea muda mwingi."

Walimwosha Bawabu wote wanne. Msusi ndiye aliyesugua, na hajapata kusugua kichwa cha mteja yeyote kwa uangalifu ule. Maji ya kwanza yalitoka yanateleza. Ya tatu yalitoka masafi. Baada ya hapo daktari alimwekea mbwa dripu mguuni na kumchoma sindano ya kuzuia kutapika. Alisema atabaki pale mpaka kesho yake.

"Nikae naye," alisema Babu.

"Kuna kiti kimoja tu, mzee, na ni kibovu."

"Eh?"

"Kibovu!"

"Nimekalia vibovu zaidi," alisema Babu, akakaa.

Siku iliyofuata, saa nne asubuhi, Babu alirudi nyumbani kwa miguu yake, na Bawabu mbele yake. Walikwenda polepole. Kwenye kona ya mtaa baiskeli ilikuja kwa nyuma, na Msusi, aliyekuwa anawangojea mlangoni, aliona mbwa akigeuka na kumsukuma Babu pembeni. Hapo Msusi alikaa kwenye ngazi, akalia kwa furaha, hadharani kabisa, mbele ya wapita njia.

Siku hiyohiyo alibadilisha mambo. Chungu cha mshubiri kilipandishwa juu ya kabati, mahali ambapo mbwa hawezi kufika hata akiota mbawa. Maganda yote yalitiwa kwenye ndoo yenye kifuniko. Mashine ya kusagia iliendelea kufanya kazi, lakini sasa ilisaga ute peke yake, na kijiko kilirudishwa kazini. Bawabu alipata brashi yake. Alichanwa kila Jumamosi, bila mafuta, bila asali, bila chochote. Baada ya wiki chache nywele zake ziling'aa kuliko zamani. Msusi alikubali jambo hilo kwa shida, maana liliharibu sifa ya dawa yake.

Lakini kulikuwa na jambo moja gumu kuliko hayo yote. Jumatatu asubuhi Msusi alikwenda posta.

Alikuta foleni ya watu saba. Alipanga mstari. Wifi alimwona kutoka nyuma ya kaunta, akaendelea kugonga mihuri. Zamu yake ilipofika, Msusi alisogea.

"Nikusaidie nini, mama?" alisema wifi, kwa sauti ya kikazi.

"Wifi, nimekuja kuomba radhi."

"Hatuuzi hiyo hapa."

"Nilikosea. Mmea wako hauna sumu. Mshubiri wangu ndio uliomwangusha mbwa, tena mimi ndiye niliyempaka. Nilikulaumu bila kuuliza. Nisamehe."

Wifi aliweka muhuri chini.

"Sema kwa nguvu. Wa nyuma kule hawajasikia."

Msusi akarudia yote kwa nguvu. Wa nyuma walisikia. Mzee mmoja kwenye foleni alisema, "Msamehe, bibie, nina barua ya kutuma." Wifi alicheka kwa ile sauti yake kubwa, na posta nzima ikacheka naye.

"Nimekusamehe. Leo jioni nitakuja kumwona baba," alisema. "Sasa pisha, unamchelewesha mzee wa watu."

Ule mmea wa pundamilia ulirudi kwenye nyumba ya Msusi, kwenye rafu ya juu kidogo, kwa sababu ya zile ncha. Mawifi walianza kuchokozana upya. Babu alianza kumaliza chakula chake.

Miezi miwili ilipita. Siku moja wifi aliingia saluni na mikono yote miwili nyuma ya mgongo.

"Fumba macho," alisema. Msusi alifumba. Alipofumbua aliona chungu kizuri cha rangi, chenye mmea wa majani manene laini, na juu yake vishada vya maua madogo mekundu. Haukuwa na miba. Haukuwa na ncha. Ulikuwa mzuri kuliko kitu chochote kilichokuwa ndani ya chumba kile.

"Huu hauchomi mtu," wifi alisema kwa fahari. "Nimeutafuta wiki nzima, kwa ajili yako."

Bawabu alinyoosha pua kunusa. Msusi alikiinua chungu haraka, akakiweka juu ya kabati.

"Ni mzuri sana, wifi. Unaitwaje?"

"Sijui. Muuzaji naye hajui. Jina la nini na wewe? Unataka kuuandikisha shule?"

Msusi alikwisha kumkosea wifi huyu mara moja. Ilikuwa rahisi kunyamaza, kuupokea, kushukuru. Wateja watatu walikuwa wanatazama, akiwemo dereva wa bajaji. Alimtazama Babu kwenye kiti chake, na mkono wake juu ya kichwa cha mbwa.

"Naomba nimuulize daktari kwanza," alisema.

Alipiga picha, akaituma. Wote walingoja. Jibu lilikuja baada ya dakika kumi. Msusi alimpa wifi simu ili asome mwenyewe.

Wifi alisoma polepole, kwa sauti. "Huo ni kalankoe. Ni hatari kwa mbwa, hasa maua. Unaweza kudhuru tumbo, na mara nyingine moyo. Usiuweke kwenye nyumba yenye mbwa. Asante kwa kuuliza mapema."

Msusi alitazama sakafu. Aliogopa kuinua macho.

"Mimi nyumbani sina mbwa," dereva wa bajaji alisema hatimaye. "Sina paka, sina mbuzi, na mume wangu hali majani. Nipeni mimi."

"Chukua," alisema wifi. Kisha akamgeukia Msusi, akamshika mkono.

"Wifi, samahani," Msusi alisema. "Mara ya pili sasa nakukatalia zawadi."

"Mara ya kwanza ulinihukumu. Leo umeuliza," wifi alijibu. "Tena umenipa nisome mimi mwenyewe. Nikuletee na wa tatu?"

"Lete. Tutauliza pamoja."

Wifi alivuta kiti, akakaa karibu na baba yake, akalielekea sikio lake la kulia ili amsimulie yote tangu mwanzo. Msusi alichukua kitana, akarudi kwenye kichwa kilichokuwa kinamngoja.